Chupa ya Baba Jokofuni

Osaka, tarehe 9 Machi

Kaka Kiyotaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Natsue na mama mmeamka salama, na theluji imeanza kuteremka mapaani. Mimi ni mzima, ila mafua ya juzijuzi yameniachia kikohozi. Zile figili za chumvi alizotuma mama zilifika. Nimezila zote peke yangu na wala sijutii.

Wifi ameniambia kwenye simu kwamba mwaka huu hukutundika mpira mpya wa majani ya mwerezi mlangoni kutangaza pombe mpya, na kwamba mwisho wa mwezi utawaita wafanyakazi uwaambie kiwanda chetu cha pombe kinafungwa. Anasema unaulaumu mkono wako, eti baba alikuachia pombe nzuri ukaiharibu. Nakuomba, usimwite mtu yeyote kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Huku kwetu maabara Profesa Tsukuda anastaafu mwezi huu, kwa hiyo tumekuwa tukikagua majokofu yote, sanduku kwa sanduku. Wewe hupenda kunitania kwamba nailisha hamira sukari kuliko ninavyokula mwenyewe, lakini safari hii ungetuhurumia. Tuna koo zaidi ya elfu nne za hamira, kila ukoo umeondolewa jeni moja tu, ili tujue jeni hiyo ilikuwa na kazi gani. Watafiti wa mbali hutuandikia kuomba namba fulani, nasi tunawatumia. Ndiyo maana kwetu usafi ni kila kitu. Hamira ikiingia maabara, unaipaka kwenye kisahani, inaota vidoa, unachagua kidoa kimoja kizuri unakihifadhi, vilivyobaki unatupa. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, mkono unakwenda wenyewe.

Wiki tatu zilizopita, chini kabisa ya jokofu la tatu, nilikuta chupa ya dawa ya kikohozi yenye mwandiko wa baba. Ni ile aliyoileta mwenyewe ikiwa na hamira ya mapipa yetu, mwezi mmoja kabla mto haujaingia kiwandani. Alinikabidhi pale mlangoni akasema, "Huku kwenu kuna baridi kuliko kwetu. Nitunzie." Baada ya mafuriko mliyasugua mapipa yote kwa dawa, na tangu hapo hamira yenu yote imetoka kwenye ile niliyowatumia mimi.

Nilidhani chupa ile ilishatupwa zamani. Nilimuuliza profesa imefikaje pale. Alikuwa akitafuta miwani yake, wala hakugeuka.

"Wewe ulihifadhi ulichokichagua," akasema. "Mimi nikahifadhi kilicholetwa. Hukuwahi kuniuliza."

Niliipaka hamira ile. Siku ya tatu kisahani kilikuwa na vidoa vikubwa vyeupe, na kati yake vidogo vya kijivujivu. Nikavigandamiza kwenye kitambaa cha mahameli kama tufanyavyo, nikapiga muhuri wake kwenye kisahani kingine chenye chakula pungufu. Vikubwa viliota, vidogo vikagoma. Basi ni koo mbili, kaka, zimeishi pamoja kwenye mapipa yetu tangu enzi za babu. Nikazichachusha zote mbili na wali kidogo kwenye chupa ya kioo. Siku ya sita ikatoka ile harufu ya ngazi za nyumbani mwezi wa pili, ya peasi lililoiva na majani makavu yaliyolowa mvua. Profesa aliniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni kikohozi.

Kwa hiyo mkono wako hauna kosa, wala maji ya kisima chetu hayana kosa. Miaka minane iliyopita niliviona vile vidoa vidogo nikadhani ni uchafu. Nilichagua kikubwa kimoja, kisahani nikakitia kwenye taka. Nusu ya pombe yetu niliitupa mimi.

Hilo ningeweza kuliita kosa la kazini. Linalofuata siwezi. Sikuligundua kosa hili majuzi. Miaka mitano iliyopita nilikuwa namfundisha mwanafunzi kupiga muhuri wa mahameli, akaniuliza kama vidoa vidogo ni uchafu. Nikamjibu kwamba hapana, ni ukoo mwingine, na hapohapo nikakikumbuka kisahani cha hamira ya baba. Baba alikuwa hai. Nilikuja nyumbani mwaka mpya nikiwa nimeazimia kusema. Ukammiminia pombe mpya, akaonja, akakiweka kikombe chini, akakuambia mbele yetu sote, "Si mkono wako, Kiyotaka. Ulimi wangu umekufa." Watu wakacheka, nami nikacheka. Najua ulidhani anakusitiri. Mimi nilijiambia kwamba chupa haipo tena, nikisema nitawaongezea majonzi tu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi ndiye niliyepelekwa shule kuisomea hamira. Aliishi majira mawili mengine ya baridi bila kuonja tena, akimwachia jirani kazi hiyo.

Nitafika Jumamosi kwa treni ya asubuhi na sanduku la barafu. Safari hii sikuchagua kitu. Kama hutaki kuniona, mwambie wifi alipokee getini, nami nitaelewa. Nisalimie mama sana, ila usimwambie, nitamwambia kwa kinywa changu.

Pipa la kwanza likiiva, weka kikombe mbele ya picha ya baba. Umwambie wewe, maana mimi sijui nitaanzia wapi, kwamba ulimi wake ulikuwa mzima.

Mdogo wako,
Mizuho