Kidole Kilichobaki Juu

Baba watoto,

Chakula kimo jikoni, kimefunikwa. Binti yetu amelala, jirani yuko naye mpaka ufike. Usimuulize habari za usaili. ~~Tutajaribu tena mwakani.~~ Darasa lile la wenye vipawa halimsaili mtoto mara mbili.

Ni bora uyasikie kwangu kabla dada yako, aliyekuwa nasi ukumbini, hajakupigia simu. Nilikuwa nikichungulia kwenye kioo cha mlango. Msaili aliuliza swali la kwanza huku macho yake yakiwa kwenye karatasi. Mtoto akanyoosha kidole, akangoja kuitwa, kama nilivyomfunza mezani hapa: asiyeitwa hasemi. Msaili akangoja jibu bila kuinua macho, akaandika, akauliza la pili. Kidole kikabaki juu mpaka swali la mwisho. Nilipogonga kioo, mlinzi alinivuta: "Mama mzima, unataka kumpenyezea mtoto majibu?"

Leo nakuomba usiniite "sajini wa sebuleni". Umeshinda.

Tulipotoka aliniuliza, "Mama, sasa naruhusiwa kusema?" Nikamwambia ndiyo. Akayataja majibu yote kwa utaratibu, pale ukumbini, mbele ya mlango uliokwisha kufungwa. Hakukosea hata moja.

Nimerudi kazini, nina kipindi cha mchana, nami sijui nitawaambia nini watoto wa watu wakininyooshea mikono. Anua nguo kabla ya mvua.

Akiamka na kunyoosha kidole ili aombe maji, mshike mkono, uushushe taratibu.

Mama watoto