Je, Pamba Ni Paka wa Kihabeshi?

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi rafiki yangu Raya atafika kutoka Buzuruga akiwa na Sultani, dume lake la paka, ndani ya kikapu, na mimi bado sijui kiumbe nilichokifungia chumbani ni kitu gani.

Mimi ni fundi cherehani wa Mkolani, mama wa binti mmoja aliyeko chuoni Dodoma, na tangu aondoke nyumba yetu imebaki na watu wawili na ukimya mwingi. Mwaka jana nilikwenda Magu kwa mjomba wangu Malimi wakati wanang'oa na kuchoma masalia ya pamba, na moshi ulipoanza kutanda paka mmoja mwenye miguu mirefu alichomoka kwenye mabua akatokomea, nasi tulipofika pale alipotokea tukakuta kitoto kimoja, macho ndiyo kwanza yamefunguka, nikakifunga kwenye kanga nikaja nacho Mwanza, nikakinywesha maziwa kwa kipande cha pamba, na jina likawa hilo hilo, Pamba. Mjomba alicheka sana siku ile. "Mpwa wangu, paka wa nyumbani akishtuka hukimbilia jikoni. Mama wa huyu kakimbilia wapi? Haya, mpeleke mjini akasome."

Sasa Pamba ni jike zima, Mshauri, nami sichoki kumtazama. Kwa mbali rangi yake ni ya majani ya kiangazi, lakini ukimsogelea unaona kila unywele umegawanyika, mweusi, kisha wa dhahabu iliyofifia, kisha mweusi tena, kana kwamba kuna mtu aliketi akautia rangi mmoja mmoja, na nyuma ya masikio ana wekundu wa tofali lililoiva, na mkia una pete na ncha nyeusi, na miguu ya mbele ni mirefu kiasi kwamba akikaa huwa wima kabisa, na akitembea mabega hupanda juu ya mgongo kwa zamu, hili halafu lile, nami huacha cherehani isimame. Hajawahi kunijia mapajani hata mara moja. Hupanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, pale pimbi wanapoota jua, na siku moja alishuka na kitoto cha pimbi mdomoni akamla mbele yangu bila kuniondolea macho, nami badala ya kuchukia nikajikuta nimesimama kimya kama niko kanisani.

Raya alipomwona mara ya kwanza alishika kifua. "Shoga, unajua una nini humu ndani? Huyu ni Mhabeshi! Sultani wangu cheti chake kiko ukutani, na huyu wako hawapishani hata unywele." Mume wangu Josephat, ambaye amechoka kuwaomba radhi majirani kwa ajili ya vifaranga vyao, alisema neno moja tu: "Mama Gladness, kama ni wa mbegu, abaki. Kama ni la porini, lirudi porini." Basi nikakubaliana na Raya tuwapandishe, ili vitoto vitoe ushahidi, na kwa kuwa Pamba ameanza kuita madume nimemfungia chumbani kwa binti yangu na dirishani nimetundika shuka, na siku hizi chakula anakiacha.

Nifundishe, Mshauri, ni alama zipi zinazomtenga paka wa Kihabeshi na paka wa kawaida anayefanana naye? Ninatamani sana awe Mhabeshi. Huyu akiondoka, sijui nyumba hii nitaisikilizaje.

Mama Gladness, Mkolani

*

Marahaba, Mama Gladness.

Umetumia aya nzima kueleza manyoya ya Pamba na maneno manne kueleza chakula anachokiacha. Nitajibu swali uliloliuliza, kisha nitajibu lile ulilolifunika kwa shuka.

Uhabeshi wa paka hauko kwenye manyoya. Paka wa ukoo ni yule ambaye wazazi wake wanajulikana, na wazazi wa wazazi wake vilevile, mmoja baada ya mwingine. Posa ikifika kwenu, wazee hawaulizi kijana anafanana na nani; huuliza ni wa nani. Cheti cha Sultani kinajibu swali hilo, basi. Pasipo jibu hilo hakuna jicho, liwe langu au la Raya, linaloweza kumtawaza paka kuwa Mhabeshi. Unywele wenye rangi zilizogawanyika utaukuta hata kwa paka anayelala chini ya meza ya muuza chapati pale stendi ya Buzuruga, na huyo ni paka wa kawaida aliyejaliwa vazi zuri. Hata jina lenyewe lisikubabaishe: paka hao waliitwa wa Kihabeshi, lakini waliolelewa na kuchaguliwa mpaka wakawa ukoo walilelewa Uingereza.

Sasa alama. Wanaowapima paka wa Kihabeshi hutaka mwili usio na michirizi. Pete za mkiani kwao ni dosari, na mistari ya miguuni ni dosari. Vizazi kwa vizazi wamehangaika kuzifuta. Pamba ana pete. Ongeza miguu inayomfanya akae wima, mabega yanayopanda kwa zamu, na wekundu wa nyuma ya masikio, ambao mimi ningeutazama kabla ya kitu kingine chochote. Kila alama uliyoniandikia kwa furaha inamtoa kwenye ukoo wa Sultani, na zote kwa pamoja zinaelekea mahali pamoja: kwa paka pori, ambaye wengine humwita kimburu.

Sisemi nina hakika. Mjomba wako amesema jambo la kuchekesha na lenye akili, lakini halitoshi, kwa kuwa paka wa nyumbani aliyegeuka shume naye hukimbilia porini. Pamba anaweza kuwa chotara. Kutenganisha paka pori halisi na chotara wake ni kazi inayowashinda hata wataalamu wanapotumia macho peke yake. Kazi hiyo inahitaji vipimo vya damu au unywele. Ninachosema ni kwamba ushahidi umeegemea upande mmoja, na umeegemea sana.

Acha cherehani kidogo, maana hapa hata mimi huweka kalamu chini. Maelfu ya miaka iliyopita, katika nchi za Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika, paka pori wa jamii hii walianza kuyasogelea maghala ya nafaka wakifuata panya. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewafunga kamba kama ndama. Walikuja wenyewe, wakatutazama kama Pamba anavyokutazama, na baadhi yao wakaamua kubaki. Kutoka kwa hao wametokea paka wote wa nyumbani duniani: shume anayeiba dagaa walioanikwa, paka mweupe wa kasri la ng'ambo, na Sultani mwenye cheti. Kisha watu wakachagua, wakapandisha, wakachagua tena, mpaka wakampata paka mwenye vazi linalokaribia lile la porini, wakamwita wa ukoo. Wewe unaniuliza kama Pamba anafanana na Mhabeshi. Umekishika kioo kichwa chini, mama. Mhabeshi ndiye nakala.

Ndiyo maana mpango wenu wa Jumamosi umeniudhi. Mlitaka vitoto vitoe ushahidi. Vitoto havitoi ushahidi, vinaufuta. Hatari kubwa inayowakabili paka pori popote walipo karibu na watu ni hiyo hasa, kuzaa na paka wa nyumbani mpaka damu yao ipotee kimyakimya bila bunduki wala mtego. Damu iliyodumu miaka hiyo yote, wewe na Raya mngeimaliza kwa kikapu kimoja.

Na Josephat naye aliweka sharti lenye kasoro. Alidhani mbegu bora hubaki na kitu cha porini huondoka. Pamba ana nasaba ndefu kuliko cheti chochote, na kwa sababu hiyo hiyo hawezi kuwa wako.

Nakuona unanyanyuka kwenda kufungua dirisha. Keti. Ukilifungua leo, madume yote ya Mkolani yatakuwa juu ya jiwe lako kabla maharage hayajaiva, nawe utakuwa umeandaa harusi ile ile bila kikapu. Toa shuka, lakini acha dirisha limefungwa, ili aone jiwe lake na pimbi wake. Mwekee kabati la kupanda juu, sanduku la kujifichia na maji safi; mpe samaki mbichi au nyama, kisha utoke, umwache ale bila kutazamwa. Usimshike, na akikuparua nenda zahanati siku hiyo hiyo. Asubuhi mpigie daktari wa mifugo umweleze kwamba hali chakula, kisha nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, umsimulie habari yote kuanzia kwenye masalia ya pamba, usipunguze kitu. Mnyama wa porini hafugwi nyumbani bila kibali, na kujitokeza mwenyewe ni heri kuliko kufuatwa. Yeye ndiye atakayepanga vipimo, na ndiye atakayeamua Pamba aende wapi na lini. Akithibitishwa kuwa paka wa nyumbani, afungwe uzazi, achanjwe, abaki kwako, na Josephat atanisamehe.

Sidhani itakuwa hivyo. Nadhani siku moja mtasimama mahali fulani penye majani marefu, afisa atafungua tundu, na Pamba atatoka mabega yakipanda kwa zamu. Hatageuka. Usimwite. Jina ulilompa halikuwa lake. Lilikuwa la shamba ulikomkuta. Ukirudi nyumbani mpigie Gladness simu, umweleze jinsi alivyotembea, na usikate mpaka umemaliza.

Kwa Raya piga leo hii. Mwambie asije Jumamosi. Akiuliza sababu, mwambie kwa heshima zote kwamba Sultani ni paka mzuri mno, kwa kuwa amejitahidi kufanana na Pamba.