Kata Kitambaa cha Watu Wawili

Bruseli

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa mpenzi,

Hamjambo huko Kindu? Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, bado unakaa kwenye cherehani mpaka macho yanauma?

Mimi ni mzima, tena leo siwezi hata kutulia kitini. Yaya, nimekuwa mshauri wa kwanza wa ubalozi! Yule mtoto uliyemfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia karanga, sasa ndiye anayemwandikia balozi maneno ya kuwaambia Wazungu. Piga vigelegele, na majirani wakiuliza, waambie!

Lakini sikiliza, maana nusura nirudishwe Kinshasa. Kwenye karamu ya ubalozi, mke wa balozi aliniletea msichana, kama kawaida yake, anataka kuniozesha. Nilikuwa nimechoka. Nikamshika mkono Antonio, yule muuguzi Mreno niliyekuandikia habari zetu, nikasema mbele ya wote:

— Mama, mutu wangu njo huyu. Tunakaa nyumba moja. Musinitafutie bibi tena.

Watu waligeuka kututazama, bilauri mkononi. Mwenzangu mmoja akaanza kunong'ona kwamba chama tawala lazima kiambiwe. Jasho lilinitiririka ndani ya koti langu la abakosti. Balozi, mzee wa Kisangani asiye na maneno mengi, akanitazama, akaniita raia kwa Kifaransa, kama chama kinavyotuagiza.

— Sitwayeni Amisi, kazi unajua. Ya nyumba yako njo yako. Kesho uniletee ile hotuba.

Nikaipeleka. Mwezi haukuisha, cheo kikaja. Sijifichi tena, Yaya, na furaha hii sijui niiweke wapi!

Basi tunakuja kwenye harusi ya mdogo wetu Feza, mimi na Antonio. Umeniandikia kwamba unashona kitambaa kimoja kwa ukoo wote, ukaniuliza vipimo vyangu. Vyake hukuuliza. Hilo limeniuma. Akikaa pale na nguo tofauti, kila mtu ataona kwamba kwetu yeye ni mgeni tu.

Nisalimie bibi arusi wetu, na mjomba Sefu atakayepokea mahari, asijifanye mkali sana. Nisalimie Mama, na habari hii mwambie wewe, maana wewe anakusikia.

Antonio amesimama hapa mlangoni, anacheka, anasema nisikusumbue. Nakusumbua. Kifua chake ni kama changu, mikono ni mirefu kidogo. Kitambaa kisipotosha watu wawili, changu usikate.

Mdogo wako akupendaye,
Amisi