Wanataka Kumwamsha Mtoto Wangu

Njoro,
17 Agosti 1956

Kwa dada yangu mpendwa Jerop,

Pokea salamu nyingi kutoka huku shambani kwa mzungu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Keringet mko wazima, na kile kikohozi cha mdogo kimepona. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka na watu, dada. Nimechoka kabisa.

Mama mkwe wangu ana kamba anayoifunga fundo kila mwezi unapoandama, tangu siku nilipomwambia nina mimba. Sasa mafundo ni kumi na mimi sijajifungua. Nyumba haikaliki. Anasema mtoto amelala tumboni, ndiyo maana tumbo ni dogo, na asipoamshwa atakaukia humo humo.

Huko kuamshwa ndiko kunakoniua. Kwanza niliambiwa nipande kilima na kushuka, asubuhi na jioni. Nikapanda mpaka miguu ikavimba. Kisha nikawekwa juu ya mkokoteni wa maziwa, ule unaovutwa na ng'ombe, nikatikiswa juu ya mawe mpaka stesheni, huku Mzee Kiprugut anayeuendesha akiniuliza kila mara kama nasikia chochote. Nilikuwa nasikia mgongo! Wanawake wa kambi ya vibarua hapa shambani nao kila mmoja ana dawa ya shangazi yake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi naonaje.

Jumatatu mama mkwe alinipa mafuta ya mbarika, kikombe kizima, akasimama mlangoni mpaka nikameza yote. Niliharisha kutwa, maji yakaniisha mwilini, tumbo likawa linakaza na kuachia. Wao wakafurahi, wakabandika maji motoni. Mimi nililia. Tumbo lilipotulia wakanikasirikia kana kwamba nimewanyima kitu.

Jumatano Micah alinipeleka Nakuru kwa mkunga wa dispensari. Mkunga alimwacha mume wangu nje, akanipapasa, na nilipomweleza habari za mafuta akanigombeza sana. Alisema kutembea hakunidhuru, lakini mafuta yale yangeweza kutumaliza mimi na mtoto. Mizizi ya kuchemsha ni mibaya zaidi, maana hakuna ajuaye nguvu yake, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Halafu akasema mtoto hajalala, anacheza vizuri, ila ni wa miezi saba tu. Akitolewa sasa, huenda asiweze hata kupumua.

Sikushangaa, dada. Nilijua. Mwaka jana mama mkwe alipoanza kumtafutia Micah mke wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila mtoto, nilisema nina mimba na sikuwa nayo. Nilidhani baadaye nitasema imetoka. Lakini kila nilipomwona Micah anavyofurahi, ulimi ulikuwa mzito. Miezi mitatu ikapita, Mungu akanihurumia, mimba ikaingia kweli. Nikanyamaza. Mkunga nilimweleza, akaniambia nikaseme nyumbani. Micah aliponiuliza njiani, nikajibu tu kwamba tumeambiwa tungoje. Mama yake amesema yeye hangoji.

Hivi ninavyoandika, chungu cha mizizi kiko motoni, na nimeambiwa nitakunywa kikipoa. Nimekataa mara tatu, naambiwa ni woga wa mimba ya kwanza. Ninajichukia, maana neno moja tu lingemwokoa mtoto wangu na nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Nisalimie shemeji, na mama ukimwona. Niombee. Barua hii namkabidhi Micah aipeleke posta. Huwa hafungi bahasha yangu kabla ya kusoma kila kitu, eti anasahihisha herufi, na tabia hiyo imeniudhi tangu tuoane. Leo naitegemea.

Micah, ukifika mstari huu, usiende posta. Nenda jikoni ukamwage kile chungu, kisha unikasirikie upendavyo.

Ni mimi mdogo wako,
Chepkemei