Mwano Uliosimamisha Boksi la Damu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi. Tarehe 21/03/2025, saa 4:15 asubuhi.

Jina: Domitila Kasmiri Salu. Umri: miaka 47. Kazi: mkulima wa pamba na fundi cherehani. Makazi: Sola, Wilaya ya Maswa. Dini: Mkristo.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia kamanda wa sungusungu, Limbu, anashtakiwa kwa kumzuia na kumjeruhi mtaalamu wa maabara aitwaye Onesmo. Nataka iandikwe ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 12/03/2025, saa 4:10 asubuhi, nilifika kitongoji cha Mwagulanja kumwona mdogo wangu Nyanjige, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimepigiwa simu kwamba ugonjwa wake umerudi. Mlangoni nilipishana na kijana mgeni aliyebeba boksi la bluu. Nilimsalimia Kisukuma, "Mwangaluka." Akajibu, "Shikamoo mama," bila kusimama, akapanda pikipiki akaondoka.

Ndani nilimkuta Nyanjige amelala, pamba imebandikwa mkononi penye alama ya sindano. Aliniambia, "Dada, usinikalie mguu, umekufa ganzi, sijui hata uko wapi." Jicho la kushoto lilikuwa halioni vizuri. Nikauliza nani amemtoa damu. Akasema, "Kaa kwanza, nitakueleza." Sikukaa. Nilitoka uani nikapiga mwano, ule ukelele wa kuwaita sungusungu, walinzi wa kijiji. Nina sauti. Marehemu mume wangu alizoea kusema naweza kumwita mtu wa Malampaka bila simu.

Mwano ukipigwa kwetu, hakuna mwanaume anayebaki shambani. Baada ya dakika kama kumi njia zote zilikuwa na watu wenye fimbo. Onesmo, yule kijana wa boksi, alikamatwa kwenye kalavati. Mtu mmoja, sikumwona ni nani, alimpiga fimbo ya paji la uso, wengine wakatoboa tairi. Limbu alikuta wamefungua boksi, ndani mna barafu na vichupa vinne vya damu, wanataka kuvimwaga. Alisimama juu ya boksi akasema hakuna atakayegusa kitu mpaka aliyepiga mwano aseme mbele ya wote. Ndiyo sheria yao. Bila Limbu, yule kijana tungekuwa tumemzika.

Niliitwa, nikasema, "Huyu ameiba damu ya mdogo wangu." Wahenga walisema mdomo huponza kichwa; wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Onesmo alikuwa anavuja damu, lakini hakujitetea. Alisema tu, "Tafadhalini, funikeni hilo boksi, jua linaliunguza." Hapo moyo wangu ukasita. Mwizi hujiombea mwenyewe.

Saa 5:00 Nyanjige alifika amekaa kwenye toroli, jirani anamsukuma. Sijawahi kumwona na hasira vile. Aliniuliza, "Dada Domi, ulikuja kuniangalia au kunimaliza?" Alieleza kwamba damu aliitoa kwa hiari yake na karatasi aliisaini. Ugonjwa wake unaitwa MS. Chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda, zinakosea na kula utando unaofunika mishipa yake ya fahamu. Kesho yake angeanza dripu ya kutuliza shambulio. Dripu ikishaingia, chembe hubadilika, kwa hiyo damu ilipaswa kutolewa kabla na ifike Mwanza kabla ya saa 12 jioni, chembe zikiwa hai. Kama ingeharibika, wasingeweza kujua dawa ipi imfae mpaka ashambuliwe tena. Akasema, "Na likija shambulio jingine, huenda likaondoka na jicho."

Limbu akamuuliza Onesmo wanatafuta nini humo. Onesmo alijibu, "Kamanda, kila chembe ina maagizo ndani yake, tunayaita jeni. Mengi yamelala. Tunasoma yapi yameamka na kuziambia chembe zimshambulie mwenyewe."

Limbu akasema, "Kumbe mnamtafuta aliyepiga mwano."

"Ndiyo, kamanda."

Limbu akanitazama. "Wa huku nje tumeshampata."

Watu walicheka. Mimi nililia kwa aibu. Nilimwomba Onesmo msamaha, nikamfunga jeraha kwa kitambaa changu cha kichwa.

Saa 5:40 Limbu alimpakia Onesmo na boksi kwenye pikipiki yake mwenyewe. Alipiga simu kwa sungusungu wa vijiji vya mbele, wakaondoa ng'ombe barabarani mpaka Lamadi, na huko wakasimamisha basi la Mwanza, Onesmo akapanda. Saa 11:20 jioni ulifika ujumbe wa Onesmo kwenye simu ya Nyanjige: "Tumefika. Chembe ziko hai." Nyanjige alinisomea mara tatu. Tulishikana mikono.

Majibu kamili bado. Dripu amemaliza. Juzi aliingia jikoni akishika ukuta, na jana alisoma tarehe kwenye kalenda bila kuisogelea. Onesmo amesema wanahitaji pia damu ya watu wazima wenye afya wa huko huko Mwagulanja, walinganishe chembe zao na za Nyanjige. Watakuja Alhamisi tarehe 27. Mimi na walinzi tisa tumeandikisha majina. Mimi ni wa kwanza, Limbu ni wa pili.

Mwano ni wangu. Kama lipo kosa, liandikwe kwa jina langu. Nimeyasema yote kwa hiari, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Sahihi: D. K. Salu

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi na kusaini mbele yangu. Ameomba Limbu, ambaye yuko nje kwa dhamana na huripoti hapa kila Alhamisi, wiki ijayo aripoti Ijumaa, kwa kuwa Alhamisi atakuwa anatolewa damu. Nimemkubalia.

WP Koplo Rahel, saa 5:50 asubuhi.