Damu ya Baba Mkwe Niliitoa Mimi

Shangazi mpendwa, salamu nyingi, naomba unisaidie maana kwa mume wangu sijui nianzie wapi, na mama yangu mzazi nikifungua mdomo tu atalia kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa maabara katika kituo kidogo cha afya, na baba mkwe wangu ni dereva wa basi la shule, mzee mpole ambaye watoto wanamwita Babu Breki kwa jinsi anavyoendesha polepole, na pombe aliiacha mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza, miaka kumi na mmoja sasa, akasema hataki mjukuu amjue kwa harufu.

Ijumaa moja, anarudisha basi tupu, akagonga nguzo ya geti la shule. Hakuumia mtu, ila aliposhuka alikuwa anapepesuka na maneno yanamkwama, basi askari wakamleta kwetu atolewe damu ikapimwe kilevi, na zamu ile nilikuwa peke yangu. Nilitaka kukataa kwa kuwa ni mkwe wangu, askari akasema hakuna mwingine, fanya haraka, na mzee mwenyewe akakunja shati, akageuzia uso ukutani kwa heshima, akaniambia, "Toa tu mwanangu, usitetemeke, mimi sina cha kuficha." Nikatetemeka vilevile. Nikampangusa kwa pamba ya spiriti kama ninavyompangusa kila mgonjwa, wakati kwa kipimo hicho spiriti ni marufuku kwa sababu yenyewe ni kilevi, tunatakiwa tutumie sabuni na maji, na vile vichupa vyenye dawa ya kuzuia damu isiharibike vilikuwa vimekwisha nikatumia cha kawaida, na friji ilijaa chanjo nikaiacha damu mezani na joto lote lile mpaka Jumatatu gari la maabara kuu lilipokuja kuichukua. Na mzee ana kisukari, Shangazi, na damu yenye sukari ikikaa kwenye joto bila dawa inaweza kuchachuka ikatengeneza kilevi humohumo chupani.

Sasa sikia balaa lenyewe. Fomu ya kipimo hicho inauliza umesafisha ngozi kwa kitu gani, umetumia chupa gani, umeihifadhi wapi, na sisi pale tuna mtindo wetu, asubuhi wagonjwa wakiwa wachache tunajaza fomu kumi kwa mpigo, zote majibu yaleyale mazuri, tunaacha nafasi ya jina na tarehe tu. Nikachukua moja, nikaandika jina la baba mkwe, nikasaini.

Majibu yamerudi yanasema kilevi mara mbili ya kiwango. Mama mkwe hamsemeshi mzee tena, chai anamwekea mezani na kuondoka. Kesi ni tarehe ishirini na nane na mzee anasema atakiri kosa. Mume wangu akamuuliza, baba, ulikunywa? Akasema sikunywa. Sasa utakirije? Akajibu mbele yangu, nimekaa namenya viazi, "Damu kaitoa mkwe wangu kwa mkono wake. Angekuwa mtu mwingine ningebisha. Huyu hakosei. Labda ni ile dawa ya kikohozi niliyotumia." Kiazi kile nilikimenya mpaka kikaisha. Nikisema, kazi sina, na watu watasema namtetea mkwe. Nikinyamaza, mzee anapoteza leseni na huenda akafungwa. Nampenda kama baba aliyenizaa na siwezi kumtazama usoni. Nifanyeje?

Mkwe Anayetetemeka

*

Mwanangu unayetetemeka,

Barua yako nimeisoma kwanza kwa huruma, halafu kwa hasira, halafu nikaenda kuisoma tena na rafiki yangu aliyestaafu kazi hiyohiyo yako. Anasema pamba ya spiriti peke yake mara nyingi huongeza kidogo tu, kwa hiyo usiibebeshe pamba lawama yote. Lakini damu ya mtu wa kisukari, siku tatu mezani, bila dawa wala baridi, hiyo haifai kumfunga mtu. Huenda mzee hakunywa hata tone. Huenda, nisamehe, alikunywa. Damu ile haiwezi tena kutuambia.

Na tena, mzee wa kisukari anapepesuka mbele yako, ulimpima sukari, ambayo ikishuka humfanya mtu apepesuke kama mlevi? Hukuandika, nami nadhani jibu nimelipata. Ulimwogopa askari ukamsahau mgonjwa.

Pamba na chupa ningekusamehe leo hii, haraka humpata yeyote. Zile fomu kumi ndizo zimenikalisha kitako. Fomu inayojazwa kabla mgonjwa hajafika ni uongo uliopigwa pasi. Ni wangapi wamesimama kizimbani kwa karatasi zenu hizo? Usinijibu mimi, kamjibu mkuu wako wa kituo.

Leo, si kesho, kaa uandike kwa mkono wako ulichofanya, kuanzia pamba mpaka Jumatatu, bila kujitetea na bila kumtetea mtu. Nakala moja kwa mkuu wa kituo, moja kwa wakili, na kama mzee hana wakili, mumeo aache kuuliza maswali akamtafutie. Asikiri lolote mpaka wakili aisome karatasi hiyo. Watakaosema unampendelea mkwe, waonyeshe daftari la stoo, litasema vichupa viliisha lini, na fomu zilizobaki kwenye droo, zina mwandiko wako na hazina mgonjwa. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Utalia, na sisi wenye kukupenda tutakupangusa machozi, ila si kwa spiriti.

Lakini kabla ya mkuu na kabla ya wakili, nenda kwa mzee. Usimtume mumeo. Kaa naye, mama mkwe awepo asikie, umtazame huo uso unaoukimbia. Mzee wa watu amekuamini wewe mpaka ameacha kujiamini mwenyewe, na hakuna wakili wala hakimu anayeweza kumrudishia hilo. Mwambie, "Baba, nilikosea mimi." Ni maneno matatu tu, halafu nyamaza umwache aseme tena, safari hii bila kuogopa kukubishia wewe, kama alikunywa au hakunywa.