Pikipiki ya Tata na Maji ya Mushumbusi

Nshamba, Muleba
14 Juni

Kwako kaka yangu Protase,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe, shemeji na watoto. Je, lile bega uliloumia ulipoteleza bafuni limepona? Sisi huku wazima, kahawa zimeanza kuiva, na mke wangu Kokuhirwa anakusalimu ingawa hajui ninachokuandikia. Usishangae kupata barua badala ya simu. Wewe simu huipokea kwa sauti ya juu, mezani, kila mtu anasikia, na nitakayokueleza yanahusu kifo cha tata, baba yetu. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, uniambie.

Nianzie kwenye pikipiki. Unajua tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikisema nitajinunulia kruza, zile pikipiki kubwa za kukalia umenyoosha miguu. Mwezi uliopita mimi na Kokuhirwa tulikwenda Bukoba, dukani kwa Nimesh, mjukuu wa mzee Thakorbhai aliyemuuzia tata ile yake. Alikuwa nazo mbili. Moja ya mtindo wa zamani, tangi la mviringo, unaipiga kiki, na fundi yeyote wa hapa Nshamba anaifungua kwa spana tatu. Nyingine ya kisasa, ina kioo kama cha simu, breki zinajirekebisha zenyewe, na ukianguka nayo inawapigia watu wako kuwaambia uko wapi. Mimi sikuwa na la kufikiri. Nimesh alipoiwasha ile ya zamani nilisikia mlio wa tata akirudi nyumbani, nikakaribia kulia dukani kwa watu.

Lakini Kokuhirwa akaing'ang'ania ya kisasa. Mwanamke ambaye hata redio huwashiwa! Akaanza kumhoji Nimesh, eti inajuaje kwamba mtu ameanguka, inachukua dakika ngapi kupiga, na huku kwetu mabondeni mtandao ukikatika itakuwaje. Nilimtazama Nimesh, naye akatazama chini. Nikajua hapa pana jambo. Kwanza nilidhani duka limemwahidi kitu. Halafu nikadhani vibaya zaidi, kwamba anataka kunichunga, ajue nimesimama kwa nani. Jamani, kwa umri huu nisimame kwa nani? Tukarudi bila kununua.

Wiki nzima nikampeleleza. Alipokwenda shambani nikapekua simu yake, ndiyo, niliipekua, nikakuta amezungumza mara nne na Mushumbusi. Kaka, damu ilinichemka! Jirani ambaye hatujamsalimia kwa miaka thelathini na minane, tangu tata alipokunywa rubisi, pombe ya ndizi, nyumbani kwake, akapanda pikipiki, akaanguka hata barabara kuu hajaifikia, akafa. Mushumbusi huyo huyo tuliyemtangaza kwamba hakuonja pombe kabla ya kumpa mgeni, kuonyesha haina sumu, kama kila mwenyeji anavyopaswa. Leo mke wangu ananizunguka na kuongea naye!

Nilimbana aseme. Hata sauti hakupandisha. Aliniambia anajua kwamba nimeanguka mara tatu na pikipiki yangu ndogo, kwamba utelezi niliousingizia haukuwepo, na kwamba mara ya tatu Mushumbusi ndiye aliyeniokota na kumpa habari, maana mimi nisingesema. Ni kweli, sikusema. Giza huja ghafla, kisha najikuta chini. Siku ile nilizinduka mbele ya kibanja cha Mushumbusi, kando ya migomba yake, kichwa changu kipo pajani mwake, amenishikia kikombe cha maji. Nikafunga mdomo. Mzee akanitazama, akayanywa yeye kwanza, akasubiri, halafu akanisogezea tena. Nikanywa. Alichosema ni kwamba tata naye alilala hivyo hivyo, macho yale yale.

Kokuhirwa akanipeleka hospitali. Daktari amesema moyo wangu husita kupiga kwa muda, na kwamba ugonjwa wenyewe hutembea katika ukoo. Akauliza kama nina ndugu aliyeanguka ghafla akafa. Kaka, nikamtaja tata. Amenikataza kupanda pikipiki yoyote, iwe ya zamani au ya kisasa, mpaka nitibiwe. Nimesh nimemwambia asiniwekee hata moja.

Sasa soma hapa ukiwa peke yako. Kule msibani, wazee wa ukoo waliponiuliza mimi niliyefuatana na tata kama Mushumbusi alionja, nilisema nimeona kwa macho yangu hakuonja. Sikuona. Hata ndani sikuwamo. Nilikuwa nyuma ya nyumba na pikipiki ya tata, nimefungua waya wa breki nijue unavyofanya kazi, na niliurudisha mbiombio nilipomsikia anaaga. Alipoanguka nilijua nimemuua baba yangu. Niliogopa mtajua, nikamtwisha Mushumbusi mzigo wangu. Tangu siku hiyo simwamini mtu yeyote, na mtu ambaye simwamini kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Juzi nilikwenda kwake kwa miguu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakusema amenisamehe. Aliingia ndani, akatoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, akakiweka kati yetu, lakini hakunikaribisha. Akasema ukoo wetu uliikataa kahawa yake kwa kinywa cha mkubwa, basi mkubwa ndiye ataitafuna kwanza. Huyo ni wewe, kaka. Ulisimama mbele ya watu ukaikataa kwa sababu ya uongo wangu. Anakungoja, ila umri umekwenda, naye sasa anatembelea fimbo.

Ukasirike unavyotaka, nimestahili. Lakini kabla hujapanda meli kuja kunigombeza, nenda kapimwe moyo, wewe na watoto wako wote. Shemeji aliniambia kuwa siku ile ulipoanguka bafuni hukukumbuka ulivyofika chini. Ulisema ni sabuni. Mimi nilisema ni utelezi. Kaka, haikuwa sabuni.

Nisalimie nyumba nzima, na wadogo uwaambie baba yao mdogo anawapenda. Nitakuwa bandarini Bukoba siku utakayonitajia, na tutakwenda kwa mzee pamoja.

Ni mimi mdogo wako niliyekudanganya,
Onesphory